Bingwa wa Majibu

Nurudini, muuza vitenge wa Kasulu, hakuwa mtu wa kujionyesha, tusimsingizie. Alipojiunga na jukwaa la wafugaji kwenye simu alikuwa akisoma tu kimya kimya, kwa ajili ya kuku wa mkewe, Zaitun. Siku moja mtu akauliza chombo kizuri cha kunyweshea vifaranga. Akajibu. Wakampa pointi, na taji dogo likachomoza kando ya jina lake. Basi, kwisha habari yake.

Kule anayewahi kujibu ndiye anayevuna. Nurudini akawa anajibu huku mteja amesimama na kitenge mkononi, anajibu nje ya msikiti na kiatu kimoja hajavaa. Alichokijua alijibu, asichokijua alikisia, na makisio yalilipa vilevile. Akapanda mpaka akaitwa Bingwa. Sokoni wakaanza kumtania kwa jina hilo naye, maskini, akaitika.

Kisha kuku wa Zaitun wakaanza kupinda shingo. Mama huyu aliuza shamba alilorithi kule Titye ili awanunue. Hakubaki na kitu kingine. Daktari wa mifugo alikuwa amekwenda Kibondo, na simu yake haipatikani.

"Baba Hilali, si wewe Bingwa?" Zaitun alilia, kuku mmoja mapajani, kichwa kimegeukia mgongoni. "Fanya kitu! Wanakwisha hawa!"

Nurudini akaandika swali. Kabla hajalituma, jukwaa likamletea jibu lililopendwa kuliko yote: "Ni upungufu wa vitamini. Changanya kwenye maji, watapona." Juu yake taji, na jina lake mwenyewe.

Akakumbuka. Alikisia tu siku ile, asije akatanguliwa. Na waliompa pointi hawakuwa wametibu kuku yeyote. Walikuwa wameliamini taji.

Chini kabisa, ambako hakuwahi kushuka kwa kuwa hakukuwa na pointi, Esteria wa Makere alikuwa ameandika: "Bingwa, niliwapa vitamini kama ulivyosema. Wamekufa wote. Nifanye nini sasa?"

Hakuna aliyemjibu.

"Wanasemaje?" Zaitun akauliza. "Soma basi, tuwape dawa!"

"Hawajajibu," akasema.

Zaitun akamlaza yule kuku chini, akamchukua mwingine.