Sindano za Wifi Pei-yun

Wifi yangu Pei-yun, mke wa kaka, ana kisukari tangu akiwa na miaka kumi na moja. Anajichoma sindano mara nne, tano kwa siku kama wengine wanavyopiga mswaki. Mimi nikijikwaruza tu na spana pale gereji, mtaa mzima wa Fengshan unasikia.

Alipobeba mimba akazidisha umakini. Akila wali anapima, anaandika. Daktari akasema endelea hivyo hivyo. Tatizo likawa mama yangu.

Kwetu, chumbani kwa mwenye mimba hakuingii sindano wala mkasi. Roho ya mtoto inatembea humo ndani, leo iko kitandani, kesho mlangoni. Ukiichoma, umemchoma mtoto. Mama alivumilia miezi sita. Wa saba, uzalendo ukamshinda.

Asubuhi nakunywa maziwa ya soya, namsikia Pei-yun anafungua friji, anafunga. Anafungua droo, anafunga.

"Wifi, hujaona dawa zangu?"

"Sijaona. Mama!"

Mama anachambua mboga, hata kichwa hainui. "Nimeziondoa zote. Mjukuu wangu si mto wa kuchomeka sindano."

"Umezipeleka wapi?"

"Kwenye friji la A-kim. Mtu akijifungua atarudishiwa."

A-kim ni jirani wa chini. Alfajiri alishapanda basi la kwenda hekaluni, kurudi jioni. Mlango kaupiga kufuli, simu hapokei.

Pei-yun akapima sukari: mia tatu na kumi na nane, wakati yake haitakiwi kuzidi mia na kidogo. Akakaa, akapiga kliniki, akaweka sauti ya juu. Muuguzi akasema kama dawa haipatikani sasa hivi, aletwe hospitali haraka, damu ikichachuka mtoto anaweza kufia tumboni. Mama akasikia kila neno. Mboga ikamtoka mkononi.

"Umesikia?" nikamwakia. "Unataka kumuua!"

"Usinipandishie sauti, mshenzi wewe!"

"Napandisha mpaka paa ling'oke!"

Nikachukua mkasi wa kukatia vyuma, nikashuka ngazi mbili mbili. Mama nyuma yangu na ndala. Nikajua anakuja kunizuia, nikageuka tugombane vizuri.

"Kufuli la watu jipya..." akasema, anahema. Halafu: "Sasa unaniangalia nini? Kata!"

Nikakata. Dawa zilikuwa mlangoni mwa friji, zimefungwa karatasi nyekundu, baridi safi.

Tunarudi, Mama akakimbilia kalenda yake ya siku njema na mbaya, akapekua.

"Pei-yun, mwanangu, leo roho iko kitandani. Njoo ujichomee jikoni."

"Sawa, Mama," wifi akajibu, akaenda jikoni kweli. Mimi ningemtukana.

Tukakaa tunaitazama mashine. Mia mbili arobaini. Mia moja themanini. Saa sita mchana, mia moja kumi na mbili, na mtoto akapiga teke, Pei-yun akacheka. Mama akaingia bafuni, akafungua maji mengi ili tusimsikie analia. Tulimsikia.

Tangu hapo kila asubuhi anasoma kalenda, anapaza sauti: "Leo jikoni hapana! Barazani!" Pei-yun anahama na dawa zake, hakosi hata dozi moja.

Siku ya uchungu, mkoba wa dawa aliubeba Mama kifuani. Kaka alitaka kumsaidia, akapigwa kofi mkononi. Mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, sukari yake safi. Mama ndiye aliyemuuliza muuguzi kwanza: "Na huyu mama yake, kashachomwa?"