Redio Niliyoifunika Kitambaa

Jamani, nacheka huku naona haya. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, na juzi mke wangu aliniambia amekopa tena betri ya redio dukani kwa Mzee Hoza. Nikaenda huko nimewaka, hata shikamoo sikumpa.

"Betri zako mbovu, silipi! Taarifa ya habari ikiisha tu, redio naizima!"

"Unaizimaje?"

"Napunguza sauti mpaka inyamaze, halafu naifunika kitambaa."

Mzee akazungusha kidude cha redio yake hadi kikalia ta! "Huku ndiko kuzima."

Bibi mmoja aliyekuja kununua chumvi akajishika kiuno. "Maskini! Kumbe mtangazaji wa watu anahutubia kitambaa mpaka asubuhi?"

Duka zima likaangua kicheko.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.