Meno Mawili ya Chini

Ilianza Alhamisi, saa tisa mchana, nilipocheka bila kuziba mdomo.

Tulikuwa nyuma ya tembe tunapura uwele: bibi mzaa baba, mama, na mimi niliyekuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni ya wasichana. Beberu wa jirani alikuja kimyakimya akaingiza kichwa kwenye chungu cha togwa, akashindwa kukitoa. Akaanza kukimbia huku na huku na chungu kichwani, anagonga kuta.

"Mpisheni," bibi akasema. "Bwana shauri wa serikali amevaa kofia yake, anakuja kuhesabu ng'ombe."

Nilicheka kwa mdomo wote. Bibi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaweka fimbo yake chini.

"We, njoo hapa. Fungua mdomo."

Nikaubana.

"Mke mwenzangu," akaniita kwa utani wake wa kila siku, "nimesema fungua."

Nikafungua. Akanishika kidevu, akanigeuzia juani.

Kwetu msichana hung'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, akiwa bado mdogo. Mwanya ule ndio uzuri wenyewe. Asiye nao huambiwa ana mdomo wa punda. Wenzangu walipong'olewa, mimi nilikuwa kijiji cha Mgori, kwa shangazi. Shangazi alidhani nimeshatolewa nyumbani, na nyumbani walidhani nimetolewa kwa shangazi. Nami ni mtu wa kuongea nikitazama miguu yangu na kuchekea kiganjani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Aibu yangu ilikuwa imenificha miaka yote hiyo.

"Kumbe tunafuga punda humu ndani!" bibi akasema. "Tena punda wa kusoma! Kesho asubuhi fundi atakuja."

Mama aliendelea kupepeta.

Fundi huyo nilimjua. Alikaa ng'ambo ya mbuga, njia ya Sepuka, na chombo chake kilikuwa chuma chembamba mfano wa patasi. Nilipokuwa mtoto nilimwona binamu yangu amelazwa kwenye ngozi, kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya mtu mzima. Kilichonikaa akilini si kilio chake. Ni ule mlio mdogo wa jino, kama kijiti kibichi kinapovunjwa. Mchana ule niliusikia tena na tena.

Lakini nikiwa mkweli, chuma kilikuwa nusu tu ya woga wangu. Shuleni tuna msichana mmoja mwenye mwanya kama wa kwetu, na wenzetu wanaotoka sehemu nyingine wamempa jina la Dirisha. Akifungua mdomo tu, mtu hupiga kelele, "Funga dirisha, baridi inaingia!" Bweni zima hucheka. Nami nilikuwa nacheka, kiganjani mwangu, wakati msichana yule ni wa lugha yangu na ndiye pekee aliyewahi kunigawia sabuni. Sasa mimi ndiye ningerudi nikiwa Dirisha la pili.

Jioni nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasonga ugali.

"Mama, nisaidie."

"Nikusaidie nini? Ni kitu kidogo. Mimi nilitolewa, sikufa."

"Naogopa."

"Kila mtu huogopa. Hata bibi yako aliogopa, amesahau tu."

"Mama, mimi sitaki kuwa kama wewe."

Mwiko ukasimama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alinigeukia, moto unamulika uso wake, na ncha ya ulimi wake ilikuwa imetulia pale kwenye mwanya, kama inavyokuwa siku zote akiwaza. Nilikuwa naujua mwanya ule tangu nabebwa mgongoni. Nikiugua, huo ndio niliokuwa nautafuta usoni mwake, maana ukionekana najua anakaribia kutabasamu. Kabla ya kwenda shule sikuwahi kujiuliza kama ni mzuri au mbaya.

"Kama mimi vipi?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mara ile alipotembea siku mbili kuniletea karanga na asali shuleni, wenzangu waliniuliza yule mwenye dirisha ni nani, nami nikajibu ni mtu tu wa kijijini kwetu.

"Nilikusikia," mama akasema. "Sikuwa nimefika mbali."

Akaendelea kusonga. Baadaye akasema, "Baba yako aliponiona mara ya kwanza, nilikuwa nacheka na wenzangu kisimani. Alisimama njiani mpaka ng'ombe wake wakapotea. Haya, kula. Nitasema na bibi yako."

Kama nilifikiri hofu itapungua, nilikosea. Nilisikia sauti ya bibi uani.

"Nani amekataa? Wewe? Umekuja katika nyumba hii unikatalie mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi niliyekataa."

"Mwanangu akirudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge, nitamwambia akurudishe kwenu. Na utarudi!"

Baba alikuwa Tanga kwa mkataba, na neno la mama yake alikuwa halivuki. Nilikaa kando ya moto na daftari langu nikaandika: uzuri ni nini? Nyumbani nilifunga mdomo kwa sababu ya meno niliyokuwa nayo, na shuleni nilifunga mdomo nisije nikajulikana kwetu ni wapi. Nilitambua kwamba katika watu wote nimewahi kumwona mmoja tu kuwa mzuri kwa macho yangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na huyo ndiye niliyemkana. Na sasa anaweza kufukuzwa kwa ajili ya meno yangu.

Asubuhi fundi alifika na jua, amejifunga blanketi. Bibi alishatandika ngozi. Mama alisimama mlangoni. Nilimpita nikatoka uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Bibi," nikasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine, "mama hakukataa. Alikuwa ananifichia. Niliyekataa ni mimi."

Bibi akaninyoshea fimbo yake. "Na nani atakuoa na mdomo huo?"

"Sijui, bibi."

"Shule imekufundisha kujibu wakubwa."

Fundi akacheka, akamwonyesha bibi kidole chake cha shahada kilichopinda. "Mama, mimi huyu simgusi. Mtoto hushikwa, lakini aliyekomaa akikataa huuma. Kidole hiki kiliumwa na mmoja wa namna yake."

"Basi baba yake atalisikia akija," bibi akasema, kisha akanigeukia. "Na atalisikia kwangu, kwamba ni wewe, si mama yako. Mpe mgeni uji."

Nilipiga magoti nikampa uji. Kisha nikaenda kusimama mlangoni na mama, nikabaki hapo mpaka blanketi la fundi lilipotokomea ng'ambo ya mbuga, maana niliogopa bibi asije akamwita tena.