Jina la Baba Ndani ya Kernel

Baba yangu alikwenda Makka mara moja, na tangu arudi hakuna aliyethubutu kumwita kwa nusu. Kwetu Uvira mtu ana majina matatu, na katika ukoo wetu wa wafanyabiashara Waislamu kuyakata ni kumvunjia mwenyewe heshima. Kwa hiyo aliponunua simu mpya Bujumbura, aliupa mtandao wa wifi wa ile simu jina lake lote: El Hadji mbele, kisha matatu yote nyuma.

Vita vilikuwa vimekaribia. Mizinga ilisikika kutoka tambarare ya Ruzizi, watu wa Luberizi walifika mjini na magodoro juu ya pikipiki, na minara ya simu ya upande wetu ilikuwa imenyamaza. Siber ya Rugenge, duka la intaneti nililozoea kufanyia kazi, ilifungwa. Ikabaki simu ya baba peke yake, kwa sababu ilikuwa na laini ya Burundi, na ukikaa barazani upande wa ziwa, mkabala na Burundi, ilishika vizuri.

Kazi yangu, kama ilistahili kuitwa kazi, ilikuwa kurekebisha kernel, kile kiini cha mfumo kinachoendesha kompyuta. Watu wa dunia nzima hukiandika pamoja bila kuonana, na yeyote anaweza kutuma marekebisho yake. Yangu yote yalikuwa yamekataliwa, na baba alijua. Asubuhi hiyo alitangaza kwamba tunavuka mpaka jioni, kila mtu na mfuko mmoja, na kompyuta haimo.

"Mufuko ni ya muchele na sufuria," alisema. "Ile makina yako haiyakuletea hata aksanti."

Niliumia, tena sana. Nikaunganisha kompyuta na simu yake, angalau nione kama kuna jibu lolote lililokuja. Kompyuta ikaganda. Nikaiwasha upya, nikaunganisha, ikaganda tena. Siber haikuwahi kunifanyia hivyo. Tofauti niliyoiona ni moja tu, urefu wa jina la mtandao.

"Baba, tukate jina kidogo, tubakishe Hadji."

"Weye njo wa kunikata jina? Minye siko kitenge! Kosa iko mu makina yako, itengeneze."

Alikuwa na haki, na hilo lilinikera zaidi. Nikafungua faili za kernel nilizokuwa nimepakua siber kabla haijafungwa, nikatafuta sehemu inayoendesha wifi ya kompyuta yangu. Nikaikuta imekaa humo miaka na miaka: strcpy. Hiyo ni amri ya zamani ya kunakili maneno. Inamimina herufi mpaka ziishe, bila kuuliza chombo kinabeba kiasi gani. Aliyeandika sehemu ile alitenga nafasi ya jina fupi, kama la kwao. Jina la baba lilijaa pomoni, likamwagikia kumbukumbu za jirani, na kompyuta ikapoteza fahamu.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaitoa strcpy, nikaweka strscpy, ambayo huuliza kwanza ukubwa wa chombo na kuishia ukingoni. Nikaijenga upya sehemu ile, nikaunganisha, haikuganda. Nikatuma marekebisho nikiwa na uhakika wa ushindi.

Adhuhuri lilikuja jibu la msimamizi wa sehemu ile, mtu wa mbali nisiyemjua. Kunakili sasa ni salama, aliandika, lakini umelikata jina bila kumwambia mtu, na mfumo utaonyesha mtandao ambao haupo. Kanuni za wifi zinaruhusu majina marefu kuliko hapo. Panua nafasi, kisha utume tena.

Nilimtafsiria baba. Akakaa wima.

"Uyo muntu iko na adabu," alisema.

Nikapanua nafasi, nikajaribu, na jina likatokea kamili kwenye kioo. Baba aliinama akalisoma kwa kidole mpaka herufi ya mwisho. Nikatuma. Kufikia alasiri majirani walikuwa wameanza kuondoka na milio ya risasi ilisikika upande wa mlimani. Mifuko yetu ilikuwa mlangoni, mimi bado barazani na kompyuta mapajani. Niliogopa risasi, lakini niliogopa zaidi kuiacha ile mashine pale kama takataka.

Jibu likaingia. Yamekubaliwa, yameingizwa, asante.

Nilipiga kelele hadi jirani akalala chini akidhani ni bomu.

"Bamekubali?" baba aliuliza.

"Bamekubali, Baba!"

"Njo itaingia mu makina ya bazungu pia?"

"Ya bazungu, ya Bachina, ya kila muntu mwenye wifi kama hii."

Baba aliingia ndani, akafungua mfuko wake na kutoa vitenge vyake bora, vile alivyotunza ili avipeleke sokoni Bujumbura. Kimoja alikizungushia kompyuta yangu. Vingine aliviacha juu ya kitanda ili mashine ipate nafasi mfukoni mwake, akafunga mlango.

Mpakani askari alipekua mfuko wake, akamwuliza kuna nini ndani ya kitenge.

"Ni kazi ya mutoto wangu," alisema baba, akaitoa, akaikumbatia kifuani, hakumruhusu hata aiguse.