Jina Nililokwenda Nalo Majini

Nakiri kosa langu la Jumapili iliyopita, siku ya kubatizwa kwetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Kila mmoja alijichagulia jina jipya, na wenzangu walichukua Petro na Yohana. Kwetu mtoto hupewa jina la babu anayependwa sana. Mimi nampenda Mungu, basi nikafuata desturi hiyo, na kwa haya zangu sikumwuliza mtu.

Ziwani, maji yakinifika kifuani, pasta akaniuliza jina.

"Yehova," nikajibu.

Mkono wake ukaganda kichwani pangu. "We kijana! Sasa hapa nani anabatiza nani?"

Ufukoni mama yangu akapaza sauti: "Pasta, mumupe lingine, tafazali! Huyu jana tu nimemuchapa juu ya kuiba samaki jikoni!"