Siku mkaguzi aliponiita ubaoni kufungua mabano, Njombe enzi za Mwingereza

Wakuu, kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu.

Msishangae kukuta bibi humu. Naandika mwenyewe, na ninayoandika yalinikuta.

Nilisoma middle school moja huku Njombe. Kwetu ni Lyamkena, Makambako. Darasa la saba tulikuwa wasichana wawili tu.

Algebra alitufundisha Mwalimu Sanga, kijana mpole wa Iwawa.

Siku moja zikaja habari kwamba mkaguzi Mzungu yuko njiani. Akikuta hesabu hatuziwezi, darasa letu linafungwa, kila mtu kwao.

Kwangu kurudi nyumbani maana yake kuolewa. Baba alishazungumza na watu.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, vidole havishiki chaki. Mkaguzi akaingia, akaandika:

7x – 2(x – 3)

Akaninyooshea kidole mimi.

Nikaandika 7x – 2x – 6. Jibu, 5x – 6.

Mwalimu Sanga akainamia sakafu. Nikajua nimeharibu, ila wapi, sijui.

“Una hakika?” mkaguzi akauliza.

Nikaomba nijaribu kwa namba. Mwalimu alitufundisha hivyo: ukiwa na shaka, weka namba mahali pa x, swali na jibu lazima vilingane.

Nikaweka kumi. Swali likatoa 70 – 14, yaani 56. Jibu langu likatoa 44.

Nikarudi kwenye mabano, taratibu.

Ile 2 ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, na inaingia na alama yake ya kutoa. Kutoa mara kutoa, jumlisha. Nikafuta, nikaandika 5x + 6.

Nikaweka kumi tena: hamsini na sita.

Mkaguzi akamgeukia mwalimu, akauliza nani kanifundisha kujikagua.

“Ni mimi, bwana.”

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Darasa halikufungwa.

Jumamosi Mwalimu Sanga akaendesha baiskeli hadi kwetu. Walikaa na baba uani muda mrefu, mimi niko jikoni roho juu.

Mwishowe baba akaniita. “Wale watu nitawaambia wasubiri.”

Walisubiri wakachoka, wakaoa kwingine. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu.

Nilichojifunza: kukosea mbele za watu kunauma, lakini kabla hujarudisha chaki, kagua. Na mkifungua mabano, alama ya kutoa msiiache mlangoni.

Nani mwingine mabano yalimtoa jasho? Semeni, nipo nasoma.