Karata Tatu za Fundi Kiraka

Fundi Kiraka hakuwa mjinga, na ni vizuri hilo lisemwe mapema, maana waliokaa naye mezani walishaanza kulisahau. Kanuni za mchezo alizijua zote. Ungemwamsha usingizini ukamwuliza karata zipi za kuanzia ni za kucheza na zipi ni za kutupa, angekutajia bila kukosea hata moja. Kisha Jumapili mchana angekaa mezani na kucheza zile za kutupa.

Mchezo wenyewe ni poka ya karata saba, ile ya juu na chini. Kila mtu huanza na karata tatu, mbili zimefichwa na moja iko wazi, kisha nyingine nne huja moja moja. Kila zinapokuja, ama unaweka katikati vifungo vyako, ambavyo ndivyo dau, ama unatupa karata na kukaa kutazama wenzako. Mwishoni fungu hilo la vifungo hugawanywa nusu kwa nusu. Nusu huenda kwa mwenye mkono, yaani karata tano bora kati ya saba zake, ulio mkubwa kuliko wote, na nusu huenda kwa mwenye mkono mdogo kuliko wote, mradi karata zake tano ziwe tofauti na isiwepo hata moja iliyozidi nane. Ree ndiyo yenye bahati, kwani inampita mfalme kwa ukubwa na inaipita mbili kwa udogo. Kwa hiyo mwenye akili zake huanza na karata ndogo tatu, na kama ree imo humo, au zote ni shupaza tupu au kopa tupu, basi ana matumaini ya kuzoa fungu zima. Anayeanza na tisa na kumi anapigania nusu, na hiyo nusu mara nyingi haioni.

Aliyemfundisha yote haya ni mkewe. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumzuia kusahihisha watu. Ndiye aliyeandika kanuni nyuma ya ukurasa wa kalenda na kuzibandika ukutani, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mumewe la kutengeneza viatu, juu ya rafu ya ile miguu ya mbao inayovalishwa viatu vikitengenezwa. Hapo ndipo walipochezea. Meza ya kukatia ngozi ilifutwa, kopo la gundi likafunikwa, dirisha likafunguliwa harufu itoke, na mkebe wa vifungo vya makoti ya zamani ukamwagwa katikati.

Kilichomponza Kiraka ni kazi yake. Miaka ishirini na sita watu walimletea viatu vilivyoachama mbele, visigino vimelika upande mmoja, soli zimebaki kama karatasi, na hakuwahi kumwambia mteja nenda ukavitupe. Jina lake alilipatia hapo. Sasa mkono uliozoea hivyo ukishika mfalme, tisa na nne, hauoni takataka, unaona kazi. Kabla karata ya nne haijagawiwa, yeye kichwani ameshashona: hii ikija itakaa hapa, ile ikija itaziba pale. Mwalimu alimwambia karata si kiatu, huiwekei gundi ukaiacha hadi asubuhi. Alimwambia hivyo kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja Kiraka aliitikia ndiyo Mwalimu, kisha akaweka kifungo.

Miaka hiyo kumi na mmoja ilikuwa ni ya shindano la jozi. Mara moja kwa mwaka, ukumbi wa klabu ya wafanyakazi ulijaa meza, watu wakacheza wawili wawili, vifungo vya kila jozi vikahesabiwa pamoja, na jozi ya kwanza ikaondoka na kombe la bati. Mwalimu na mumewe walikuwa wa pili mara nne. Mara zote nne kombe lilipotea katika mkono ambao Kiraka hakupaswa hata kuugusa, na Mwalimu aliweza kukutajia kila mmoja wa mikono hiyo, karata kwa karata. Mwaka huu kamati ilitangaza kwamba ukumbi unageuzwa ghala, kwa hiyo shindano hili ndilo la mwisho. Mwalimu alileta fomu nyumbani, akaandika jina lake mstari wa kwanza, mstari wa pili akauacha mtupu.

Kiraka alipouliza kulikoni, aliambiwa bila kupindapinda. Jumapili hii, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, acheze mikono iliyo ukutani tu. Akicheza hata mmoja usiokuwepo, mstari wa pili unakwenda kwa shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wake Mwalimu, alikuwa mfamasia, mtu aliyeshinda akihesabu vidonge kwa kijiko. Kiraka hakumchukia. Kilichomkera ni jinsi alivyotupa karata: alizishika kwa vidole viwili, akazisukuma pembeni, akaendelea na mazungumzo yake kama mtu aliyefukuza nzi. Na hilo kombe lenyewe Kiraka hakulijali sana. Alichokitaka ni ule mstari wa pili. Ukumbini walikaa bega kwa bega, Mwalimu akinywa maji kwenye glasi yake, akimpiga teke chini ya meza, na njia nzima ya kurudi walizozana juu ya kila mkono mpaka mlangoni. Kwake yeye hakukuwa na siku tamu kuliko hiyo katika mwaka. Kukaa kwenye viti vya watazamaji na kumwona mwingine akipigwa teke lake, hilo hakuweza hata kuliwaza.

Basi Jumapili ikafika, na wa nne wao, kinyozi wa duka la pili, akaja na stuli yake. Kiraka alijikaza kisabuni. Mkono wa kwanza alipata jeki, sita na mbili. Akatupa. Wa pili akapata tatu moja na kumi mbili, na shemeji ameonyesha ree. Akatupa. Wa tatu ukamletea wafalme wawili, wamependeza, wamekaa pamoja kama mtu na mkewe kwenye picha. Lakini ree ilikuwa wazi mbele ya Mwalimu na nyingine mbele ya kinyozi, na ukuta ulikuwa umesema wazi nini cha kufanya ikiwa hivyo. Aliwatupa wafalme wake akahisi kama amemfukuza mgeni mlangoni.

Kila alipotupa, Mwalimu alitikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, na kutikisa huko ndiko kulikomuudhi kuliko kila kitu. Saa tisa ilipita, saa kumi ikapita. Alicheza mikono miwili tu muda wote huo. Katika mmoja alizoa fungu zima kwa karata ndogo safi, katika wa pili akashindwa kihalali, akaambiwa umecheza vizuri. Kuambiwa umecheza vizuri baada ya kushindwa ni maneno ambayo hajapata kuyaelewa mpaka leo.

Saa kumi na nusu akapata tisa, kumi na jeki. Hizi ndizo zinazoua watu, Mwalimu alishasema mara mia: zinaonekana zinafuatana, zinakuchekea, lakini chini hazifiki kabisa, na juu ni bahati nasibu. Kiraka aliuma meno akatupa. Karata iliyofuata, ambayo ingekuwa yake, ikaenda kwa kinyozi. Ilikuwa nane. Raundi iliyofuata kinyozi akapata malkia, na Kiraka akaiona mbele ya macho yake, nane, tisa, kumi, jeki, malkia, mfululizo kamili, mkono mkubwa kuliko wowote uliokuwepo mezani. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Mwalimu, macho kwenye karata zake, alimkumbusha kwamba kutupa kulikuwa sahihi. Kiraka alijibu kwamba anajua. Alijua kweli, na kujua huko kulimchoma zaidi.

Zilibaki dakika kumi. Kinyozi aligawa. Kiraka aliinua ncha za karata zake mbili zilizofichwa: tisa na tisa. Iliyo wazi ilikuwa nane. Shemeji mbele yake alikuwa na ree. Kwenye ukuta mzima hakuna mstari mmoja uliouhurumia mkono wa namna hiyo. Alizikusanya azitupe, kweli alizikusanya, mkono wake ukafika katikati ya meza. Akakumbuka ile nane na yule malkia. Akazirudisha chini, akaweka kifungo.

Mwalimu aliona, akatupa zake.

Karata ya nne ikaja nane nyingine. Jozi mbili. Kiraka akaongeza vifungo, akaongeza tena. Shemeji alipata tatu, akafuata kwa kuweka vifungo vile vile. Akapata tano, akafuata. Kinyozi alitupa zake. Tisa ya tatu haikuja, nane ya tatu haikuja, na mwishoni Kiraka aliweka mezani jozi zake mbili kwa mikono yote miwili. Shemeji alifunua taratibu: ree, mbili, tatu, nne, tano. Mfululizo kwa juu, na kwa chini hakuna mkono mdogo kuliko huo. Alizoa fungu zima na kusema pole shemeji, na ubaya ni kwamba alimaanisha.

Mwalimu alivuta fomu, akafungua kalamu. Hapo Kiraka akachemka.

"Kwako kila kitu ni cha kutupa," alisema. "Kisipokuwa kizuri tangu mwanzo, hakina nafasi. Haya, niambie Mwalimu. Siku nilipokuja kwenu kuposa, kibanda changu cha kazi kimebomolewa, miguuni nimevaa viatu vya mteja, mama yangu kalazwa, mimi nilikuwa wapi kwenye huo ukuta wako?"

Kinyozi alianza kutazama dari. Mwalimu aliweka kalamu chini akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimwuliza swali anatafuta jibu lake.

"Tisa mbili na nane," alisema.

Shemeji alikohoa.

"Juu hushindi, chini hufiki. Baba aliniambia tupa. Huyu hapa, akiwa bado yuko shule, aliniambia dada tupa. Nikakaa nikahesabu mwenyewe wiki nzima, na hesabu ikaniambia tupa." Alimtazama mumewe. "Nikacheza."

Kiraka aliziangalia tisa zake mbili zilizokuwa bado mezani.

"Kwa hiyo usinifundishe mtu anavyojisikia kushika karata mbovu. Nimeishika miaka ishirini na minne, na sitaki kugawiwa nyingine. Lakini mimi nilifanya mara moja, mume wangu. Wewe unafanya kila Jumapili."

Kisha akachukua kalamu na kuandika jina la mdogo wake kwenye mstari wa pili, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akapuliza wino ukauke.

Kiraka alikaa. Alikuwa na hasira, na katikati ya hasira hiyo kulikuwa na furaha asiyoitaka, na kila alipojaribu kumkasirikia mkewe sawasawa, ile miaka ishirini na minne ilimwingilia. Alikusanya karata, akazichanganya, akaanza kugawa tatu tatu, kwa sababu jozi hii mpya ilihitaji watu wa kufanya nao mazoezi, na kinyozi peke yake asingetosha.